Kabla ya Kulipa Ada: Namna ya Kusoma Ithibati ya Chuo Kikuu

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, na dirisha la udahili wa vyuo vikuu hufunguliwa muda si mrefu baada ya hapo. Ndicho kipindi ambacho mkulima wa Malolo anapiga hesabu ya vitunguu, wa Rudewa anatenga mahindi ya kuuza na ya kubaki, na mama mwenye genge pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa, anavunja kibubu. Fedha ikianza kuonekana, nyumbani huulizwa swali moja: mtoto anakwenda chuo gani? Likitajwa jina, watu wanaridhika. Naandika makala hii kwa wazazi na vijana wa Kilosa na Mikumi kuwaomba wasiridhike na jina. Chuo chenye jina zuri kinaweza kuwa na programu iliyozuiwa kupokea wanafunzi, au kampasi iliyofutiwa kibali, na ada ikishalipwa ni vigumu kuirudisha shambani.

Ithibati ni kauli ya chombo chenye mamlaka kwamba kimekwenda, kimekagua, na kimejiridhisha kuwa chuo fulani kina uwezo wa kufundisha kile kinachosema kinafundisha. Kauli hiyo haidumu milele, wala haifuniki kila kitu kinachofanyika ndani ya uzio wa chuo. Taasisi hupewa yake, kila programu hupewa yake, mahali masomo yanapotolewa huangaliwa, na tarehe ya kwisha huandikwa. Mzazi akilishika hilo, hatadanganywa kwa urahisi.

Hapo zamani shida hii haikuwepo kwetu, kwa sababu vyuo vikuu vilikuwa vichache na vyote vya serikali: Dar es Salaam kilichopata hadhi kamili mwaka 1970, Sokoine (SUA) pale Morogoro mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Milango ilipofunguliwa kwa watu binafsi na mashirika ya dini, likaundwa Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu mwaka 1995. Kisha ikaja Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, Sura ya 346, iliyoanzisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ile tunayoiita TCU. Tume ilianza kazi Julai mwaka huohuo. Baraza la kwanza lilihusika zaidi na vyuo binafsi, lakini TCU inavikagua vyote, vya serikali na vya binafsi, Bara na Zanzibar. Kwa hiyo anayekwambia kwamba chuo cha serikali hakihitaji kukaguliwa, mwambie sheria haisemi hivyo.

Chuo kipya hupanda ngazi. Mwanzilishi hupewa kwanza leseni ya muda, ambayo ni ruhusa ya kuandaa majengo, watu, fedha na mitaala. Akikidhi masharti hupata usajili kamili na ithibati. Juu ya hapo kuna Hati Idhini, ambayo hutolewa na Rais na ndiyo inayoeleza muundo wa chuo, baraza lake, seneti yake na mamlaka yake ya kutoa shahada. Ithibati ya taasisi hupewa miaka mitano, kisha chuo hurudi kwenye mizani. Programu nazo hupitiwa upya kwa vipindi. Ukiona chuo kinatangaza kwa fahari kwamba kina leseni ya muda, usikidharau, maana kila chuo kilianzia hapo. Lakini kiulize kwa maandishi kama kimeruhusiwa kudahili wanafunzi wa programu unayoitaka, mwaka huu, mahali hapa. Jibu la mdomo kutoka kwa ofisa wa udahili halitoshi.

Watu wengi hudhani ukaguzi wenyewe ni maofisa wa TCU kufika na kuhesabu madarasa. Kazi huanza mapema zaidi, tena ndani ya chuo. Chuo hutakiwa kujitathmini na kuandika ripoti: kina wahadhiri wangapi na wana sifa gani, wanafunzi wangapi kwa kila programu, fedha inatoka wapi na inatumikaje, nini kimeshindikana tangu ukaguzi uliopita. Ripoti hiyo ndiyo ya kwanza kusomwa na jopo. Jopo huundwa na wataalamu wa fani husika, kwa kawaida maprofesa na wahadhiri wazoefu kutoka vyuo vingine. Kilimo hukaguliwa na watu wa kilimo, na udaktari hukaguliwa na madaktari. Mtu wa fani huona yasiyoonekana kwa mgeni. Akiingia maabara ya kemia na kukuta vyombo vyote vinang'aa na chupa zote zimejaa hadi shingoni, anajua hapa hakuna mtoto aliyefanya jaribio muhula huu.

Jopo likifika chuoni linaangalia mambo ambayo mzazi hawezi kuyaona kwenye kipeperushi. Linaomba hati za ardhi na majengo, hesabu zilizokaguliwa, na kumbukumbu za vikao vya baraza na seneti ili kujua kama vikao hivyo vinakutana kweli au ni majina tu yaliyobandikwa ukutani. Linafungua mafaili ya wahadhiri na kuona vyeti na mikataba yao. Linafungua mafaili ya wanafunzi na kulinganisha matokeo yao ya sekondari au stashahada na sifa zilizotangazwa. Linaomba mitihani ya miaka iliyopita, karatasi zilizosahihishwa, na ripoti za watahini wa nje, yaani wahadhiri wa vyuo vingine wanaokuja kupima kama mitihani na alama ziko sawa. Linakaa na wanafunzi peke yao, bila viongozi wa chuo, na kuwauliza mambo ya kawaida kabisa: mwalimu wenu wa somo hili ni nani, mara ya mwisho aliingia darasani lini, karatasi zenu zilirudi baada ya muda gani. Mkuu wa chuo anaweza kujiandaa kwa kila swali kuhusu bajeti. Wanafunzi 30 waliokaa duara hawawezi kufundishwa wote jibu moja.

Baada ya hapo jopo huandika ripoti, chuo hupewa nafasi ya kueleza au kusahihisha, na uamuzi hufanywa na Tume. Uamuzi huo unaweza kuwa ithibati, ithibati yenye masharti ya kutekelezwa kwa muda fulani, kuzuiwa kudahili, au kufutiwa kibali. Sisi wananchi tunaona uamuzi, lakini ripoti zenyewe kwa kawaida hatuzioni. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kurekebishwa. Mzazi wa Kidodi anayelipa ada kwa jasho lake ana haki ya kusoma kile ambacho maprofesa wa jopo walikiona kwa niaba yake. Siku ripoti hizo zitakapowekwa wazi, vyuo vizembe vitajirekebisha haraka kuliko vinavyojirekebisha kwa barua za siri.

Tukumbuke yaliyotokea. Mwaka 2016 TCU ilifuta kibali cha vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, na baadaye cha Arusha, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Makao yake ya Dar es Salaam yaliendelea kufundisha. Jina ni lilelile, bendera ni ileile, lakini mwanafunzi wa Songea alibeba begi na mwenzake wa Dar es Salaam akabaki darasani. Mwaka uliofuata ukaja uamuzi mkubwa zaidi. Baada ya ukaguzi maalumu wa vyuo, Julai 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia programu 75. Baadhi ya vyuo vilirekebisha kasoro vikaruhusiwa tena. Nawaomba muitazame hiyo namba ya pili. Vyuo hivyo 22 havikufungwa. Vilikuwa na wahadhiri, mahafali, joho na kuta za rangi mpya, na mtu aliyeuliza tu kama chuo kipo kihalali angejibiwa ndiyo. Aliyeuliza kuhusu programu ndiye aliyepata jibu lenye faida.

Kwa hiyo tuanze na programu. Kila mwaka TCU hutoa Mwongozo wa Udahili wa shahada ya kwanza, mmoja kwa waliomaliza kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada na sifa nyingine zinazolingana. Unapatikana kwenye tovuti ya Tume na haulipiwi. Ndani yake kila chuo kimeorodheshwa na programu zake zilizoruhusiwa, namba ya utambulisho ya kila programu, sifa za kujiunga, miaka ya masomo, na idadi ya nafasi. Watu huusoma mwongozo huo kutafuta sifa za kujiunga, wakaufunga. Usiufunge bado. Angalia kama jina la programu kwenye tangazo la chuo ni lilelile neno kwa neno na la kwenye mwongozo, maana mabadiliko ya neno moja yanaweza kumaanisha programu nyingine. Angalia kampasi. Kisha angalia idadi ya nafasi, kwa sababu hiyo ndiyo inayokwambia chuo kiliruhusiwa kubeba watu wangapi. Mwongozo ukisema 50, na mwanafunzi wa mwaka wa pili akakwambia wako 200 darasani, umeshafanya ukaguzi wako bila kupanda basi.

Kuhusu sifa za kujiunga, kuna kiwango cha chini cha taifa na kuna kiwango cha programu. Kwa waliofanya mtihani wa kidato cha sita kuanzia 2016, kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye stashahada anatakiwa angalau wastani wa GPA 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne. Hicho ni kizingiti cha mlango wa nje, maana programu nyingi zinataka zaidi ya hapo, na zinataja masomo. Mwanangu, chuo kikikupokea huku huna sifa za programu, usishangilie. Jopo likifungua faili lako, utakayetafutwa ni wewe. Mwaka 2017 Tume ilitangaza hadharani majina ya wanafunzi ambao sifa zao zilikuwa na mashaka, na wengi wao walikuwa wameshalipa ada na kukaa darasani. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Serikali ikirudi kupekua, haiulizi umetumikia miaka mingapi.

Kuna jambo linalowachanganya hata walimu wetu. Si kila shahada Tanzania iko chini ya TCU kwa ithibati. Taasisi kadhaa, kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Elimu ya Biashara na Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka karibu na Moshi, huthibitishwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, lililojulikana zamani kama NACTE. Wana ngazi zao: 4 na 5 ni astashahada, 6 ni stashahada, 7 na 8 zinafika hadi shahada. Kijana wa Mikumi aliyekua akisikia tembo usiku nje ya hifadhi, anayetaka kusomea wanyamapori, anaweza kwenda SUA Morogoro, iliyo chini ya TCU, au Mweka, iliyoanzishwa mwaka 1963 na iko chini ya NACTVET. Njia zote mbili ni halali. Asitishwe na mtu anayemwambia Mweka haina ithibati kwa kuwa hakuiona kwenye orodha ya ithibati ya TCU. Wala asidanganywe na chuo kinachosema kiko chini ya NACTVET huku hakimo kwenye orodha ya NACTVET.

Hili linatuhusu sana wilayani kwetu, kwa sababu vyuo tulivyonavyo karibu viko chini ya NACTVET. Kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA Mikumi, kuna chuo cha matabibu pale Kilosa, kuna chuo cha ualimu na chuo cha kilimo Ilonga. Wazazi wengine huviona vyuo hivi kama mahali pa kumtupa mtoto aliyeshindwa, na hapo ninapingana nao kabisa. Stashahada ya utabibu au ya kilimo iliyosomwa vizuri ni ajira, na pia ni daraja la kwenda chuo kikuu. Lakini daraja hilo lina mlinzi. Mwenye stashahada iliyo chini ya NACTVET anapoomba chuo kikuu hutakiwa kuwa na namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, inayotolewa na NACTVET. Chuo ambacho hakikusajiliwa hakiwezi kumpatia mwanafunzi namba hiyo. Na hata chuo kilichosajiliwa, kikichelewa kupeleka matokeo, mwanafunzi anakwama dirishani wakati wenzake wanapita. Kwa hiyo kabla ya kujiunga na chuo cha kati, waulize waliomaliza mwaka jana swali moja tu: AVN zenu zilipatikana kwa wakati? Swali hilo linafichua mengi kuliko ziara ya siku nzima.

Baada ya TCU na NACTVET, fani nyingine zina mlango wa tatu. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia na Baraza la Famasi, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Vyombo hivi vina vigezo vyao kuhusu mafunzo, na mtu anaweza kuhitimu kwenye programu yenye ithibati akakuta bado ana mitihani, mafunzo ya vitendo au masharti mengine ya kutimiza kabla hajaruhusiwa kufanya kazi. Anayetaka udaktari aulize hospitali ya kufundishia ni ipi, ina vitanda na wagonjwa wa kutosha, na kama wanafunzi wa mwaka wa nne wanashika wagonjwa au wanasimama mlangoni kwa zamu. Anayetaka sheria ajue kwamba baada ya shahada yake atapita tena shule ya sheria kwa vitendo kabla ya kuwa wakili. Bajeti ya familia ihesabu miaka yote hiyo, isiishie kwenye mahafali.

Sasa ukaguzi wako mwenyewe. Kutoka Mikumi hadi Morogoro mjini ni kama kilomita 120, na Iringa iko upande wa pili wa barabara hiyohiyo. Ndani ya mzunguko huo kuna SUA, Mzumbe, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, Jordan, Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa na Ruaha, na ukishika njia ya Ifakara unakuta St. Francis. Nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo sana ukilinganisha na ada. Nenda siku ya kazi, katikati ya muhula, wala usisubiri siku ya maonesho. Mchukue mtoto.

Ukifika, usianzie ofisi ya udahili. Kaa kantini ununue chai. Watafute wanafunzi wa mwaka wa tatu wa programu mnayoifikiria na uwaulize majina ya wanaowafundisha. Kisha uliza vyeo vyao, kwa sababu vyeo vya chuo kikuu havitolewi ovyo. Mkufunzi msaidizi ana shahada ya kwanza, mhadhiri msaidizi ana shahada ya uzamili, na mhadhiri kwa kawaida ana uzamivu. Mwenye shahada ya kwanza anaruhusiwa kusaidia mazoezi na maabara, lakini kubeba somo zima la shahada si kazi yake. Ukikuta masomo mengi ya mwaka wa tatu yanabebwa na vijana waliohitimu juzi, au na mtu mmoja anayefika Ijumaa na kuondoka Jumamosi kwa sababu ana vyuo vingine vitatu, umepata habari ambayo jopo la TCU lingeiandika kwa wino mwekundu. Wahadhiri wa muda si dhambi. Chuo kisicho na wahadhiri wake wa kudumu ndicho cha kuogopwa.

Ingia maktaba saa nne asubuhi. Je, kuna watu? Vitabu vya fani ni vya miaka gani? Kama wanasema wanatumia vitabu vya mtandaoni, omba mwanafunzi akufungulie kimoja mbele yako. Intaneti ikigoma kwako, inagoma kwake kila siku. Tazama vyoo na maji, kwa sababu chuo kinachoshindwa kuweka maji hakiwezi kuniaminisha kwamba kimeweka kemikali maabara. Uliza matokeo ya muhula uliopita yalitoka lini. Uliza waliohitimu walichukua vyeti vyao baada ya muda gani, na kama wanajua walipo wenzao waliotangulia. Chuo makini hufuatilia wahitimu wake, na majopo huuliza jambo hilo.

Kipimo kingine ni muda. Mfumo wetu wa tuzo za vyuo vikuu unahesabu mwaka mmoja wa masomo kuwa krediti 120, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Mtu akikuahidi shahada ya haraka kwa kuhudhuria mwisho wa wiki chache, fanya hesabu hiyo kwenye simu yako ukiwa umesimama mbele yake. Kusoma ukiwa nyumbani kunawezekana, na Chuo Kikuu Huria kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi huku kikikaguliwa kama vingine. Mwalimu wa shule ya msingi ya hapa Kilosa, Ulaya au Kimamba, asiyeweza kuacha kazi anaweza kusoma hivyo kwa heshima zote. Lakini saa hazipungui. Zinahama tu kutoka darasani kwenda mezani kwake usiku.

Kuhusu fedha, lipa kwenye akaunti rasmi ya chuo tu, au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa vyuo vya serikali, na usimpe mtu yeyote mkononi hata kama ana kitambulisho na tai. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni. Anayejiita wakala wa kukutafutia nafasi hana kitu anachokifanya ambacho kijana mwenye simu hawezi kukifanya mwenyewe. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, utathibitisha kimoja kwa namba ya siri itakayotumwa kwenye simu yako. Usimpe mtu namba hiyo. Na ukitegemea Bodi ya Mikopo, kumbuka mkopo hufuata udahili ulio halali. Chuo kisichotambuliwa hakina mkopo.

Kwa wanaotazama nje ya nchi, kanuni ni ileile, chombo tu ndicho kinachobadilika. Kenya wana tume yao ya elimu ya vyuo vikuu chini ya sheria ya mwaka 2012, Uganda wana baraza lao la taifa la elimu ya juu chini ya sheria ya 2001. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limekuwa likioanisha viwango, na Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ni hatua njema, ila haifuti utaratibu wa TCU kutambua tuzo za nje, na mwajiri wako Dodoma atauliza utambuzi huo. Marekani kazi ya ithibati hufanywa na mashirika yasiyo ya serikali ambayo serikali yenyewe inayatambua. Hapo ndipo matapeli hupata upenyo: huanzisha chuo cha kwenye kompyuta, wakaanzisha na shirika la kukithibitisha. Ukionyeshwa cheti cha ithibati cha kigeni, hakikisha kwanza aliyekitoa anatambuliwa na nani.

Na kama mtoto wako tayari yuko chuoni, ukasikia programu yake imezuiwa? Usimwambie arudi nyumbani siku hiyo. Kuzuiwa kudahili mara nyingi kunawahusu wanafunzi wapya, na walioko ndani huendelea huku chuo kikirekebisha kasoro. Kibali kikifutwa kabisa, utaratibu wa kuwahamisha hupangwa. Atakayehama vizuri ni yule mwenye karatasi zake: barua ya udahili, stakabadhi zote za ada, namba ya usajili, na matokeo ya kila muhula yaliyotiwa muhuri. Kila mwisho wa muhula mtoto aombe matokeo yake kwa maandishi na nakala ikae nyumbani, kwenye bahasha ileile yenye cheti cha kuzaliwa.

Nimalizie kwa kuwageukia walimu wakuu wa sekondari za Kilosa na Mikumi, na maofisa elimu wetu wa kata. Ithibati ni kiwango cha chini kabisa kinachokubalika, na kati ya vyuo vyenye ithibati bado kuna vilivyo bora na vilivyo dhaifu. Mtoto hawezi kujifunza kutofautisha hayo ndani ya wiki chache za dirisha la udahili akiwa amesimama stendi na simu ya kuazima. Tengeni siku moja kila mwaka, kabla ya mtihani wa mwisho, muwaite wazazi, mfungue Mwongozo wa Udahili kwenye kompyuta ya shule, na msome programu kumi kwa sauti, mkianzia na jina, kampasi na idadi ya nafasi. Walimu wenye digrii mnao hapo shuleni. Wao ndio waanze kuwaeleza watoto walifundishwa na nani, na wapi.